Umma Ulioulizwa na Umma Uliosemewa

Kila mamlaka inayotawala kwa jina la wananchi hatimaye hukutana na swali lisilojibika kwa kuhesabu mikono: ikiwa uamuzi umetolewa kwa ajili ya wananchi wote, na pengine kwa shangwe zao, je, mwananchi mmoja ambaye uamuzi huo unamnyang'anya shamba, mifugo, cheo au uhuru bado anastahili kuitwa na kusikilizwa kabla haujatekelezwa? Kwa sura yake ya nje swali hilo ni la kisheria, lakini mzizi wake ni wa kifalsafa, na kwa jamii zenye imani ni wa kidini pia, kwa kuwa linadai ijulikane umma ni nini hasa, nani ana haki ya kuusemea, na kama wema wa lengo unafuta deni la namna lengo hilo lilivyofikiwa. Nyanda za kati za Tanzania, kuanzia Dodoma mjini hadi vilima vya Irangi vinavyoizunguka Kolo wilayani Kondoa, zinafaa sana kwa uchunguzi huo, kwa sababu kwa nusu karne zimekuwa uwanja wa maamuzi makubwa yaliyotangazwa kwa jina la umma. Na kwa kuwa baadhi ya maamuzi hayo yalifanikiwa, swali linakuwa gumu zaidi badala ya kuwa jepesi.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa kwanza. Sheria ya utawala ni mkusanyiko wa kanuni zinazosimamia namna vyombo vya serikali, kuanzia waziri hadi ofisa mtendaji wa kijiji, vinavyotumia madaraka vilivyokabidhiwa. Na chombo chake kikuu ni mapitio ya mahakama, yaani utaratibu ambao Mahakama Kuu haijiulizi kama uamuzi wa ofisa ulikuwa mzuri au mbaya, bali hujiuliza kama alikuwa na mamlaka ya kuutoa, kama alifuata njia iliyowekwa, na kama aliyeathirika alipewa nafasi ya kujieleza, na ikiona kasoro inaweza kuutengua uamuzi huo, kumzuia ofisa asiendelee, au kumshurutisha atimize wajibu alioukwepa. Populizimu, kwa upande wake, ni aina ya siasa inayoigawa jamii katika makundi mawili, wananchi wanyonge walio wema na wakubwa waliooza, kisha ikadai kwamba kazi ya uongozi ni kutekeleza matakwa ya kundi la kwanza bila kucheleweshwa na kundi la pili. Mwanazuoni wa Kijerumani Jan-Werner Müller, katika kitabu alichokitoa mwaka 2016, alieleza kwamba alama ya populizimu si kuwalaumu wakubwa, maana kila mpinzani hufanya hivyo. Alama yake ni dai kwamba kiongozi mmoja au chama kimoja, na hakuna mwingine, ndicho kinachowawakilisha wananchi wa kweli, hivyo kwamba anayekataa si mwananchi mwenye maoni yake bali ni adui wa wananchi. Mtu akishakubali dai hilo, utaratibu wa sheria ya utawala hubadilika machoni pake: notisi, siku za kujibu hoja, kikao cha kusikiliza na rufaa huonekana kuwa ndugu wa ule urasimu wa "njoo kesho" na "faili halionekani" ambao kila aliyewahi kufuata hati ya kiwanja anaujua.

Mwaka 1973 unastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayeandika historia ya utawala katika nyanda hizi. Mwaka huo chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kwa kifupi chake cha CDA, ili kuujenga mji. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Na mwezi Novemba Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini, jambo lililokuwa limehimizwa kama hiari tangu Azimio la Arusha la 1967, sasa ni amri. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, ulikuwa umeshaionja hali hiyo kupitia Operesheni Dodoma iliyoanza miaka miwili mitatu kabla. Katika maamuzi yote matatu aliyetajwa kuwa mwenye kunufaika alikuwa mwananchi, na katika yote matatu mwananchi huyo alitajwa kwa wingi wake. Tangu Katiba ya mwaka 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja, na chama hicho kilijitambulisha kuwa ndicho sauti ya wakulima na wafanyakazi, kwa hiyo populizimu ya nchi hii, tofauti na ile inayoandikwa sana Ulaya na Marekani, haikuja kama uasi wa watu wa nje dhidi ya dola. Ilikuwa ndani ya dola, na mara nyingi ilivaa magwanda ya mtaalamu.

HADO ndio mfano ulio tajiri kuliko yote, na ndio unaoigusa Kolo moja kwa moja. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechakaa kwa mmomonyoko tangu zama za ukoloni, makorongo yakichimbika mwaka hadi mwaka na mchanga ukifunika mabonde yaliyokuwa na rutuba. Mradi ulianza kwa kupanda miti na kujenga matuta ya kukinga maji, lakini wataalamu wakaona kwamba jitihada hizo hazitafua dafu maadamu mifugo inaendelea kuchunga juu ya udongo uliokwisha kuwa uchi. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,256. Haikuwa amri ya kupunguza idadi, wala ya kupumzisha sehemu kwa zamu. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo waliswagwa kwenda nje ya vilima, wengine kwa jamaa na marafiki wa wenyewe katika nyanda za jirani, wengine sokoni. Na familia zilizokuwa zikitegemea maziwa ya watoto, samadi ya shamba na mbuzi wa kuuza siku ya dharura zikabaki na jembe.

Miaka ile Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingizwa mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mikutano ilikuwepo, kwa kuwa hakuna kilichofanyika katika Tanzania ya zama hizo bila mkutano, lakini mikutano mingi ya wakati huo ilikuwa ya kupokea maelekezo, na mtu anayepokea maelekezo hajasikilizwa hata kama ameruhusiwa kuuliza swali. Mfugaji mwenye mbuzi watatu waliokuwa wakila majani ya kukatiwa aliwekwa fungu moja na tajiri aliyekuwa na makundi, maana amri haikuwa na mahali pa kuuliza nani ana nini na anakichunga vipi. Kwa lugha ya sheria ya utawala, hiyo ni kasoro ya kufunga mikono ya uamuzi kwa kanuni isiyobagua. Kwa lugha ya kawaida, ni kumtendea mtu kana kwamba yeye ni wastani wa jirani zake.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa ambayo haipaswi kupitwa. TANU ilipata nguvu vijijini katika miaka ya 1950 kwa kuwa upande wa wakulima waliokataa kanuni za kikoloni za hifadhi ya udongo, na ghasia za Uluguru za mwaka 1955, zilizotokana na kulazimishwa kuchimba matuta milimani, ni mfano unaojulikana. Bwana shamba wa kikoloni alichukiwa kwa sababu alitoa amri bila kuuliza, na chama kilichomwondoa kiliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba amri ileile ikitolewa na mwananchi mwenzao haihitaji tena kuuliza, kwa kuwa anayeamuru na anayeamriwa sasa ni mmoja. Jean-Jacques Rousseau alikuwa ameliweka wazo hilo katika umbo la falsafa mwaka 1762 alipotofautisha matakwa ya jumla ya umma na jumla ya matakwa ya watu mmoja mmoja, na tangu wakati huo hakuna mtawala aliyekosa mtu wa kumwambia kwamba yeye anayajua matakwa ya jumla kuliko wenyewe wanavyoyajua.

Hata hivyo vilima vilipona. Jambo hili lazima lisemwe kwa uzito uleule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Sweden walioifuatilia Kondoa katika miaka ya 1980 walikuta nyasi na vichaka vimerudi, makorongo mengi yametulia, na wakulima wameanza kulima juu ya mchanga uliotua kwenye mabonde, mahali ambapo hapo awali hapakulimika. Anayedharau utaratibu hatapata hoja bora kuliko hii popote pale Afrika Mashariki: kama wenye mifugo wangeitwa mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na wakili na siku zake za kukata rufaa, udongo wote ungekuwa umeshafika mtoni. Haifai kuijibu hoja hiyo kwa kusema kwamba uamuzi usio na usikilizwaji kwa kawaida huwa mbaya, kwa sababu huu haukuwa mbaya kwa kipimo ulichojiwekea.

Jibu lenye nguvu zaidi lina sehemu mbili ambazo hazilingani uzito. Ya kwanza ni ya manufaa: karibu na mwisho wa miaka ya 1980 mradi wenyewe ulianza kuruhusu na kuhimiza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaofungiwa zizini na kukatiwa majani, yaani ilikubalika baada ya takribani miaka kumi kwamba adui wa vilima hakuwa mnyama bali uchungaji huria, na hakuna sababu ya kuamini kwamba wazo hilo lisingeweza kutokea katika kikao cha wenye mbuzi watatu mwaka 1979. Wakati huohuo mifugo iliyoondolewa haikuyeyuka. Ilienda kulemea ardhi ya watu wengine nje ya mpaka wa mradi, watu ambao hawakuhesabiwa katika mafanikio wala katika hasara. Sehemu ya pili ndiyo ya msingi, nayo haitegemei matokeo hata kidogo. Kumsikiliza mtu kabla ya kumchukulia chake si njia ya kupata taarifa tu. Ni tendo la kumtambua kuwa yeye ni mtu wa kujibiwa, si kitu cha kupangwa. Aliyenyang'anywa ng'ombe bila kuulizwa na kisha akaona majani yamerudi amepata majani, lakini ile nafasi yake ya kuwa mmoja wa walioamua haikurudi pamoja nayo. Mtu anaweza kuukubali uamuzi kuwa ulikuwa sahihi na bado akasema, bila kujipinga, kwamba alidhulumiwa.

Hapa dini zinazoaminiwa katika nyanda hizi zina neno la kusema, na ni neno ambalo watetezi wa wanyonge huwa hawalitarajii. Warangi wa Kondoa kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na masimulizi ya Mtume yanayofundishwa madrasani yanaeleza kwamba alipomtuma Ali bin Abi Talib kuwa kadhi Yemen, naye akiwa bado kijana mwenye hofu ya kazi hiyo, alimwagiza asihukumu kati ya wawili mpaka awe amemsikia wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Zaidi ya hapo kuna kisa cha Nabii Daudi katika Sura ya Swad. Wagombanao wawili walimparamia katika faragha yake ya ibada, mmoja akashtaki kwamba ndugu yake ana kondoo majike tisini na tisa, naye anaye mmoja tu, na ndugu huyo anamtaka hata huyo mmoja. Daudi alitamka papo hapo kwamba mshtaki amedhulumiwa, kisha akatambua kwamba alikuwa akijaribiwa, akaanguka kusujudu na kuomba msamaha. Wafasiri wametofautiana kuhusu kosa lake lilikuwa nini, na baadhi yao wanasema lilikuwa hilo la kutoa hukumu kabla ya mwenye tisini na tisa kufungua kinywa. Tafsiri hiyo ikikubaliwa, kisa kinakuwa kigumu kwa namna ya pekee, kwa sababu mshtaki ni mnyonge wa kweli na mshtakiwa ni mkubwa wa kweli, yaani ni picha kamili ya jamii jinsi populizimu inavyoichora, na bado mwenye hukumu anaonekana kuwa amekosea.

Wakristo wa Dodoma nao wanasoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, katazo la kufuata umati katika kupotosha hukumu, na mara baada yake katazo la kumpendelea maskini katika shauri lake; makatazo hayo mawili yamewekwa jirani, kama kwamba aliyeyaweka alijua kuwa umati na huruma husafiri pamoja. Majaji wa Kiingereza, ambao mapokeo yao ya kisheria ndiyo yaliyorithiwa na mahakama za Tanzania, waliwahi kuichota hoja hiyo moja kwa moja kutoka Maandiko: mwaka 1723, katika shauri la Daktari Bentley aliyevuliwa shahada zake na Chuo Kikuu cha Cambridge bila kuitwa, Jaji Fortescue alikumbusha kwamba hata Mungu, aliyekuwa anajua yote, hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Ajuaye yote hakuhitaji jibu la Adamu ili apate habari. Kama aliuliza hata hivyo, basi kuuliza kuna sababu nyingine zaidi ya kutafuta ukweli, na hapo ndipo hoja iliyotolewa kuhusu vilima vya Kondoa inapata msingi wake wa kiimani. Dola za Kiislamu za karne za kati zilikuwa na hata baraza maalumu la kushughulikia malalamiko dhidi ya maofisa wa mtawala, diwan al-mazalim, ambalo al-Mawardi aliliandikia kwa kirefu katika karne ya 11. Kwa hiyo dhana kwamba ofisa hushtakika haikuletwa na meli ya mkoloni peke yake.

Populizimu ya jukwaani, ile ambayo Watanzania waliishuhudia kwa wingi baada ya mwaka 2015, ilikuja na lugha nyingine: wanyonge, mafisadi, kutumbua majipu, yaani kuwaondoa kazini watumishi wanaotuhumiwa. Mnamo Aprili 2016, katika uzinduzi wa Daraja la Kigamboni, mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam alisimamishwa kazi mbele ya hadhara baada ya mkuu wa mkoa kumweleza Rais John Magufuli tuhuma dhidi yake pale pale jukwaani na umati kuulizwa kama jipu hilo litumbuliwe. Kumsimamisha mtumishi ili achunguzwe ni jambo ambalo sheria inaliruhusu, na si kazi ya insha hii kusema kama tuhuma zilikuwa na ukweli au la. Kinachohusika ni umbo la tendo lenyewe. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 imeweka mamlaka za nidhamu, hati ya mashtaka, muda wa kujitetea na ngazi za rufaa. Na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu wakati haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Umati ukiulizwa kwanza, chombo kinachokuja baadaye kusikiliza kinakuwa na mzigo ambao sheria haikuukusudia, maana kumwona mtuhumiwa hana hatia sasa ni kuwakatalia wananchi.

Ngazi za chini zilijifunza haraka. Vifungu vya 7 na 15 vya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 vinawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, uwezo ambao mizizi yake ni ya mwaka 1962 na ambao sheria imeuzungushia masharti: lazima liwepo kosa la jinai au tishio la kuvuruga amani, na mtu huyo apelekwe mahakamani. Katika mikutano ya kusikiliza kero, masharti hayo yalisahaulika mara kwa mara, na mganga, mwalimu, diwani au mhandisi aliyeshindwa kujibu swali kwa kuridhisha akajikuta rumande kwa kosa ambalo halimo katika kitabu chochote. Umati hupiga makofi, na ni vigumu kuulaumu, kwa kuwa huyo anayepelekwa ndani pengine ndiye aliyewaambia njoo kesho kwa miaka mitatu.

Ndiyo maana ingekuwa ni uvivu wa fikra kuuchora utaratibu kama mwema na umaarufu kama mwovu. CDA iliyoundwa mwaka 1973 iliendelea kumiliki na kugawa ardhi ya Dodoma mjini kwa zaidi ya miaka arobaini, ikiwa chombo cha wataalamu ambacho wakazi hawakukichagua, na malalamiko dhidi yake kuhusu viwanja, fidia na bomoabomoa yalikuwa makubwa kiasi kwamba yalikuwa sehemu ya siasa za mji wenyewe. Mei 2017 Rais Magufuli alitia saini kuivunja na kuhamishia shughuli zake kwa halmashauri ya Dodoma. Mamlaka hiyo ilikuwa imeundwa kwa amri ya Rais, na kwa amri ya Rais ikaondolewa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na wakazi wengi walifurahi kwa haki. Lakini jirani mwenye kudadisi atagundua kwamba kile kilichoifanya CDA kuwa mzigo, yaani uwezo wa kuamua juu ya kiwanja cha mtu bila kumpa sababu zinazoweza kupingwa mahali fulani, hakikuwa kwenye jina la taasisi, wala hakiondoki kwa kubadilisha kibao cha ofisi. Populizimu ilitambua maumivu ambayo mahakama ilikuwa imeyaacha bila kuyatibu, kisha ikatibu kwa njia ambayo haikumwachia mwananchi chombo chochote cha kutumia siku nyingine, pale ambapo Rais hayupo mjini au hajali.

Udhaifu huo wa kutegemea sikio la mkubwa una historia ndefu. Mwaka 1966 Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ili kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa, na ilianzishwa baada ya nchi kukataa kuwa na hati ya haki inayotekelezwa na mahakama. Tume ilifanya kazi kubwa na ilitembea mikoani, lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua kitakachofuata. Mlalamikaji alipata huruma, hakupata haki, na tofauti ya vitu hivyo viwili huonekana siku ambayo malalamiko yanamhusu Rais mwenyewe au mradi anaoupenda. Vijiji vya ujamaa vilikuwa mradi wa namna hiyo. Watu waliopoteza mashamba katika operesheni walipoanza kushinda kesi, Bunge lilipitisha mwaka 1992 sheria iliyofuta haki zao za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuziba njia ya kwenda mahakamani. Katika kesi inayojulikana kwa jina la Akonaay, iliyotoka upande wa Mbulu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mlango wa mahakama haufungwi namna ile. Waliokuwa mbele ya majaji hawakuwa wakubwa waliooza. Walikuwa wakulima, baba na mwanawe, na aliyekuwa akizungumza kwa jina la umma dhidi yao ilikuwa serikali.

Mahakama ya Juu ya Kenya iligusa fundo hilohilo tarehe 31 Machi 2022, katika shauri la mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI, ilipoamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kupitia njia ya Ibara ya 257, ambayo imewekwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Mwenye dola akijitia kundini na kukusanya saini kama mwananchi, kundi lenyewe linapoteza njia yake. Kenya ina pia Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria mahususi ya mwaka 2015 inayomwezesha mtu kudai uamuzi wa haki na sababu za maandishi kutoka kwa ofisa. Tanzania Bara inategemea zaidi Katiba, kanuni zilizorithiwa na masharti ya mwaka 2014 yanayomtaka mwombaji wa mapitio kupata kibali kwanza, na kufanya hivyo ndani ya miezi sita. Mwaka 2020 sheria ya kutekeleza haki za msingi ilirekebishwa ili anayefungua shauri athibitishe kwamba ameathirika yeye binafsi. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo lililokuwa limechelewa kwa miongo kadhaa. Utaratibu ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma mkulima haukuwa na haki ya kushangaa alipoamini kwamba umetungwa dhidi yake.

Kati ya jukwaa na mahakama kuna kikao cha tatu ambacho wananadharia wa pande zote mbili hukisahau. Mkutano mkuu wa kijiji, uliopata umbo la kisheria mwaka 1975 na kuthibitishwa na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, unamjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na sheria ndogo za halmashauri ya kijiji hupitia kwake, kama ambavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoutaka uidhinishe ugawaji wa ardhi. Si kwamba mikutano hiyo ni mitakatifu. Mingi haina akidi, na muhtasari wa mingine huandikwa kabla haijafanyika. Lakini umma wa mkutano huo una ajenda, majina, muhtasari na mahali pa kukata rufaa, wakati umma wa jukwaani hauna hata kimoja kati ya hivyo, na mtu aliyepiga makofi jana hawezi kuulizwa leo kwa nini.

Kolo yenyewe inatoa jaribio la mwisho, na ni jaribio ambalo hata kikao hicho hakilimalizi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyolindwa kisheria tangu mwaka 1937, ikanakiliwa na Mary Leakey mwaka 1951 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, inasimamiwa na ofisi ya mambo ya kale iliyopo hapo Kolo. Lakini pango la Mungomi wa Kolo si makumbusho tu. Baadhi ya wazee wanaendelea kulitumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji, na pombe au mafuta yanayorushwa mwambani katika ibada ya aina hiyo ni tishio kwa michoro ambayo mhifadhi ameapa kuilinda. Swali la kama matambiko hayo yaendelee likipelekwa kwenye mkutano mkuu na kupigiwa kura, yawezekana kabisa wengi, kwa kuwa ni watu wa msikiti na kanisa, wakayaita matambiko hayo ushirikina na kuunga mkono kuyapiga marufuku. Likipelekwa mahakamani, mzee atatakiwa aeleze maslahi yake binafsi katika mvua inayonyesha kwa wote. Wingi haumsaidii, na sheria inamwona kwa shida. Kinachobaki ni ile kanuni ya awali, ya kuitwa na kuulizwa: ni sehemu gani ya mwamba inatumika, ni siku zipi, kama kilevi kinaweza kumwagwa chini badala ya ukutani, na kama kuna jambo ambalo kwa imani yao halibadiliki. Ofisa anayewaita kabla ya kuweka sharti jipya hatakuwa amemwachia mtu yeyote madaraka yake, na anaweza bado kuamua dhidi yao. Ila itakuwepo karatasi inayoonyesha nani alisema nini, na yule ambaye hoja yake imekataliwa atajua imekataliwa kwa sababu gani na aipeleke wapi.